Nukta Tatu Chini ya Rangi

"Weka sahihi, mpenzi, nikafunge breki," fundi alisema, akisukuma boksi jipya juu ya kaunta.

Mwenye stoo hakugusa kalamu. Ni kweli alikuwa mchumba wake na harusi ilibaki siku nne, lakini spea ni spea. Kwenye gereji ile ya magari ya kale, hakuna kifaa kilichofungwa kabla yeye hajakikagua.

"Umeitoa wapi? Juzi ulisema silinda ya breki ya gari hili haipatikani hata kwa dawa."

"Mungu mkubwa. Kuna jamaa alikuwa nayo, haijatumika."

Mwenye stoo akaitoa kwenye boksi. Nyeusi, inang'aa. Akainusa: rangi ya kupuliza, ya jana tu. Akaingiza kidole kidogo ndani ya tundu, akakokota ukucha taratibu. Ukakwama. Ukakwama tena.

"Ina vishimo vya kutu humu."

"Vumbi hilo."

"Vumbi halikwami."

Akaigeuza upande wa boliti, akakwangua rangi kwa bisibisi. Nukta tatu zikatokea. Kila kifaa alichokikataa alikigonga nukta tatu kwa tindo, kisije kurudi kwa mlango wa nyuma. Hiki alikitupa mwenyewe mwezi uliopita.

"Umeitoa kwenye pipa langu la chakavu."

Fundi akasogea karibu na kaunta.

"Nisikilize. Mzee mwenye gari kasema gari likikamilika litubebe Jumamosi. Nilitaka ushuke humo kama malkia. Baada ya harusi ningeibadilisha."

"Na breki zikikataa kwenye mteremko, mama yangu yuko kiti cha nyuma?"

"Nimekosea."

"Hukukosea. Umesugua kwa msasa, ukapaka rangi, ukatafuta na boksi. Na jina la Mungu ukalitia humo humo!"

Akavua pete ya uchumba, akaitumbukiza ndani ya boksi, akalifungia kwenye droo.

Jioni simu iliita mara sita. Hakupokea. Ikaja meseji: "Nifanye nini?"

Akajibu: "Usianze na mimi. Anza na mwenye gari."

Asubuhi fundi aliingia stoo, mzee mwenye gari akiwa nyuma yake.

"Binti yangu, kaniambia yote mbele ya mke wangu. Nimemsema vya kutosha, nimekubakishia kidogo."

"Na gari, Mzee?"

"Lina miaka hamsini, limezoea kusubiri. Ninyi je?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nimewapigia simu kwenu na kwetu. Nimesema harusi imesogea, na sababu ni mimi. Mama yako kanikatia simu."

"Afadhali yeye kapokea," mwenye stoo akasema.

Wiki tisa baadaye silinda halisi ikafika. Mwenye stoo akakokota ukucha ndani, ukapita kama juu ya kioo. Akaweka sahihi. Kisha akafungua droo, akasukuma lile boksi la zamani kwa fundi.

"Na iliyo humu ifunge mwenyewe."

Fundi akaitoa pete, akaipitishia ukucha.

"Unafanya nini?"

"Nakagua."

"Hiyo ilikuwa nzima siku zote. Mbovu alikuwa fundi."

Jumamosi ya harusi, kwenye mteremko, mama wa bibi harusi alishika mlango kwa mikono miwili. Bwana harusi akakanyaga breki. Gari likasimama palepale, halikuyumba.

Mama akaachia mlango. Kisha kutoka kiti cha nyuma:

"Haya. Sasa nitaongea naye."