Mtoto wa Lenzi Ndefu

Kichochoro kilikuwa kitupu alipobonyeza. Mpiga picha alikuwa na hakika na hilo, kwa sababu alisubiri kwa makusudi mpaka mwenye baiskeli wa mwisho akapita. Lakini karatasi ilipoanza kupata weusi ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, mwisho kabisa wa kichochoro alisimama mtoto. Alikuwa mdogo kama punje ya mchele, na alikuwa ameipa kamera mgongo.

Alidhani ni doa. Akachapa nakala ya pili, na ya tatu. Mtoto alikuwepo.

Yote hayo yalikuwa majaribio tu. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya aina ile ambayo hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kidogo cha pembeni, unaona vivuli viwili vya kitu kimoja, unazungusha pete mpaka vivuli vigandane, hapo unajua umelenga sawasawa. Kile ambacho lenzi yenyewe imekiona, hukijui mpaka usafishe filamu. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa na lenzi moja tu, fupi, ya kupigia watu wa mtaa waliokuja kukaa kwenye kigoda chake wakiwa wamekaza shingo. Sasa shule ya jirani ilikuwa imemwomba apige mashindano ya mbio, watoto wakiwa mbali uwanjani, na lenzi fupi isingefaa kitu.

Fundi wa kamera alimwekea mbili mezani. Moja ya milimita tisini, nyepesi, safi. Nyingine ya mia na thelathini na tano, ndefu, nzito mkononi kama jiwe la mizani. Fundi alimshauri achukue ya tisini. Alisema ile ndefu ni sumbufu kwenye kamera ya namna hii: fremu yake ndani ya kidirisha ni ndogo kama stempu, na ukikosea kugandisha vivuli hata kwa unywele, umeula wa chuya. Kisha akajikuna kidevu, akaongeza kwamba mtu aliyeichukua mara ya kwanza aliirudisha baada ya wiki moja.

"Alisema inaona mbali mno," fundi alisema. "Nikamcheka. Si ndiyo kazi yake?"

Akampa zote mbili akazijaribu. Mpiga picha akasimama mlangoni pa studio yake, akapiga kichochoro kilekile, kwanza kwa tisini, kisha kwa ile ndefu. Kwenye picha za tisini hapakuwa na mtu. Kwenye picha za ndefu alikuwepo yule mtoto.

Aliweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi, akainama. Gauni lilikuwa na mikanda miwili ya kufungia mgongoni. Fundo lilikaa upande, ncha moja imening'inia chini kuliko nyingine. Akaketi sakafuni palepale penye majimaji ya dawa. Fundo lile alilifunga yeye mwenyewe, kwa haraka, asubuhi aliyompeleka bintiye hospitali.

Ilikuwa homa ya siku tatu, miaka miwili nyuma. Mtoto alikuwa na miaka sita. Pale mapokezi mama alizuiliwa ili aandikishe, na muuguzi akamshika mtoto mkono akatangulia naye ukumbini. Mama alimwona kwa nyuma tu, gauni na fundo lake bovu, mpaka mlango ukajifunga. Alipomfikia, mtoto hakuwa akimjua tena mtu, na uso ule uliovimba kwa homa mama aliufukuza kichwani kila ulipomjia.

Na wahenga hawakukosea waliposema mganga hajigangi. Watoto wa mtaa mzima walikuwa na picha walizopigwa na yeye, ila bintiye alikuwa nayo moja tu, na hiyo nayo alitikisika, uso ukawa ukungu. Kila alipoomba apigwe, mama alimwambia kesho, leo nina wateja. Mwaka mmoja baada ya mazishi mume aliondoka. Hawakugombana. Walishindwa tu kutazamana.

Kesho yake alirudisha lenzi ya tisini. Fundi alimwuliza kama kweli ameamua kuchukua ile ndefu, na alipoitikia kwa kichwa, fundi alimfungia kwenye karatasi.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, aliyehamia kwake baada ya mume kuondoka ili asibaki peke yake na kuta. Mdogo mtu alikuja na bintiye wa miaka mitano, mtoto wa maneno mengi kiasi kwamba nyumba nzima ilimwita Chiriku. Chiriku aliimba akila, aliimba akioga, na alimwita mpiga picha Mama Mkubwa mara mia kwa siku, mara nyingi bila sababu.

Mpiga picha alirudi kichochoroni na lenzi ndefu, akamaliza filamu nzima. Hakupata kitu. Ni siku ya tatu, alipompiga Chiriku akiruka kamba uani, ndipo yule mtoto alipojitokeza tena, kwa mbali, nyuma ya kamba ya nguo. Akaelewa: siku ile ya majaribio pia Chiriku alikuwa mlangoni, miguuni pake. Mtoto wake alikuja palipokuwa na mtoto mwenzake. Alifikiri, na wazo hilo lilimliza kwa furaha, kwamba anataka kucheza.

Tangu hapo alimpiga Chiriku kila siku. Mdogo wake aliona dada amepata tena ari ya kazi, akashukuru, akamshonea Chiriku gauni jipya la kupigiwa picha. Na katika kila filamu yule mwingine alisogea. Leo yuko kwenye ukuta, kesho karibu na pipa la maji, keshokutwa hatua nne nyuma ya Chiriku. Mama aliweza sasa kuhesabu nywele zilizosukwa, aliona kovu la kiwiko alilolipata alipoanguka kwenye ngazi. Daima alikuwa amegeuka. Mama alijiambia, filamu moja tu zaidi, atageuka.

Mashindano ya shule yalifika yakapita. Hakwenda.

Chiriku aliacha kuimba kwanza. Kisha akaacha kuitika jina lake, si kwa ukaidi, bali kama mtu anayesikia jirani akiitwa. Alikula kidogo, akalala mchana kutwa, akaamka amechoka. Mama yake alimpeleka zahanati, wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa. Mpiga picha alisikia hayo yote akiwa mlangoni na kamera shingoni, na aliyasikia vizuri. Hili alilikiri mwenyewe baadaye: aliyasikia vizuri.

Aliona pia kwamba picha za Chiriku zinaharibika. Kamba ilionekana nyuzi kwa nyuzi, vifungo vya gauni vilihesabika, lakini uso ulikuwa unafutika, kwanza nyusi, kisha pua, kama mtu amepitisha kidole kwenye wino kabla haujakauka.

Alasiri moja, jua likiwaka nje, alikuwa ndani ya chumba cha giza akisafisha picha. Harufu ya dawa aliizoea, kali kama siki, lakini siku hiyo chini yake palikuwa na harufu nyingine, ya sabuni ya mtoto, na chini ya sabuni, harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Akasikia ndara. Zilikuja taratibu kutoka kwenye kona ambayo haikuwa na mlango, zikiburuta kidogo kama za mtoto aliyetoka usingizini, zikapita kwenye rafu ya makopo, zikapita kwenye mashine ya kukuzia, zikasimama nyuma yake karibu sana hata akahisi pumzi ya baridi ikimgusa kiunoni, kwenye kimo kilekile ambacho zamani kichwa cha bintiye kilikuwa kikimwegemea alipokuwa akipika, na mwili wake wote ulitaka kugeuka na mwili wake wote ulikataa, maana hakuogopa kumkuta mtu, aliogopa kutomkuta, kwa hiyo akabaki ameinamia beseni huku machozi yakidondoka kwenye dawa, na humo ndani ya beseni karatasi ikapata weusi, na yule mtoto alikuwa ameanza kugeuka: sikio lilionekana, na ukingo wa shavu.

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia, picha ikaungua nyeusi yote.

Alikuwa mdogo wake. Hakuomba radhi. Alitazama kamba iliyotundikwa picha toka ukuta hadi ukuta, akazifuata moja baada ya moja kwa kidole, mpaka ya mwisho.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu ana uso gani humu?"

"Ni mwanga tu. Nililenga vibaya."

"Wewe hulengi vibaya. Amekaa mbele ya kioo tangu asubuhi, ananiuliza yule ni nani."

Mpiga picha alimvuta mkono hadi kwenye picha iliyo karibu. Akamwonyesha yule mwingine. Mdogo wake alilijua gauni mara moja, kwa kuwa ni yeye aliyelishona, akaziba mdomo kwa kiganja na kulia bila sauti. Dada akamshika mabega, akamsihi wangoje siku chache tu, amebakiza kidogo kugeuka.

"Na mimi nilimpenda," mdogo wake alisema. "Nilimwosha kwa mikono hii. Lakini huyu wangu bado anapumua, dada."

Asubuhi yake alimleta mganga. Alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mkunga, mwenye mkoba mdogo na sauti ya mtu asiyependa kurudia neno. Alimtazama Chiriku, aliyelala macho wazi asimtambue mamaye, akamwekea kiganja kifuani. Kisha akaomba aone chumba cha giza. Alisimama humo muda mrefu akinusa, akatoka amejifunga kanga yake vizuri mabegani ingawa palikuwa na joto.

Aliwaeleza kwa kifupi. Jini wa namna hii hana sura yake, huazima. Gauni, mgongo na fundo alivipata kwa mama, kwani ndivyo mama alivyovihifadhi vizuri kuliko vyote. Uso hakuupata. Mama aliufukuza, na kwenye ile picha moja haupo. Kwa hiyo anauchukua wa huyu, kidogo kidogo, kila kamera inapofyatuliwa.

"Kuna filamu ambayo hujaisafisha?" aliuliza.

Ilikuwepo, ndani ya kamera. Mpiga picha alikuwa ameimaliza jana yake, picha thelathini na sita, na katika kidirisha, ambako kamwe hakuwahi kuona kitu cha ajabu, safari hii vivuli viwili vya Chiriku vilikataa kugandana, kana kwamba kila kimoja kilikuwa mtoto tofauti.

"Uso umeshaingia humo," mganga alisema. "Ukiisafisha, atatoka nao. Ifungue juani. Uivute yote. Atasema nawe, na ukikomea katikati, yule mle ndani haamki tena. Ni wewe uliyemfungulia, hakuna mwingine awezaye kumfunga."

Wakatoka uani. Mdogo wake alibaki ndani amempakata Chiriku. Picha zote zilizokwisha chapwa zilichomwa kwanza, na vipande vya filamu, vikatoa moshi mweusi unaokaba koo. Lenzi ndefu mganga aliifunga kwenye kitambaa akaitia mkobani, asiseme ataipeleka wapi. Kisha akampa ishara.

Mpiga picha alirudisha filamu ndani ya kikopo chake, akafungua kamera, akakitoa. Akashika ulimi wa filamu. Kwa miaka kumi na mitatu mikono yake ilijifunza kuukinga ulimi ule na jua, na sasa ilikuwa kama kuiagiza imvue mtu nguo mbele ya umati. Akavuta. Kikopo kikalia mkwaruzo mdogo, na nyuma yake, karibu sana, sauti aliyokuwa ameililia kwa miaka miwili ikasema, taratibu, bila kulalamika, "Mama, mwanga unaniumiza macho."

Aliendelea kuvuta. Sauti ikamwambia mama nimegeuka, nitazame, nimegeuka sasa, na harufu ya sabuni ikajaa uani kote, na vidole vidogo vya baridi vikamshika upindo wa gauni kama vilivyomshika sokoni, na njiani, na kwenye kila mlango wa maisha yale mafupi, na yeye akavuta, jua likimwagika juu ya filamu, akavuta akilia kama mnyama, akamwambia nisamehe mwanangu, nisamehe, akavuta mpaka filamu ikagota na hapakuwa na kitu kingine cha kuvuta.

Vidole viliachia. Hakugeuka.

Ndani ya nyumba Chiriku alimwita mama yake, akaomba maji. Kisha akauliza kwa nini watu wote wanalia, na hakungoja jibu, akauliza lingine.

Mama yake hakugombana na mtu wala kuhama. Alikuja uani, akamfuta dada yake uso kwa pindo la nguo yake, akarudi kwa mwanawe. Ila kuanzia siku hiyo alipotoka hata kwenda kisimani alitoka na Chiriku, na mpiga picha hakumlaumu.

Mganga alipokuwa akiondoka, mpiga picha alimsindikiza hadi barabarani. Filamu ilikuwa bado imemzunguka mkononi. Kabla ya hapo alikuwa ameketi kizingitini akiipitisha mbele ya jua, nafasi moja baada ya nyingine, zote thelathini na sita, ingawa hakuna aliyejua kumshinda kwamba humo hamwonekani kitu.

"Niambie jambo moja," alisema. "Ulijuaje kwamba hakuwa yeye?"

Mganga alihamisha mkoba wake kutoka bega moja kwenda jingine. Alitazama nyumba, ambako sauti ya Chiriku ilisikika ikiuliza maswali.

"Sikujua, mwanangu," alisema. "Nilijua tu kwamba huyu mwingine yu hai."