Pipa Moja la Madini Joto

Asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali kiasi cha kuunguza kiganja kwenye kitasa cha mlango, mnara wa Makorora ulitoa mvuke wake wa kwanza. Ulikuwa mzito, wa rangi ya zambarau. Ulipanda polepole juu ya mapaa ya Tanga, kisha ukapotea machoni. Watu waliokuwa ndani ya nyumba zao hawakutoka. Walichungulia madirishani, wakasubiri. Baada ya muda anga tupu likaanza kufifia, ukungu ukawa wingu, na wingu likatanda jeupe juu ya mtaa mzima. Ndipo milango ilipofunguliwa na watu wakaenda kazini.

Wingu hilo waliliita Mwavuli. Bila Mwavuli, joto la mwezi wa pili lilikuwa linaua. Hewa ya pwani ilikuwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, na mwili ukishindwa kujipoza, mtu hulegea, hupoteza fahamu, hufa akiwa amekaa kwenye kiti chake. Minara minne ndiyo iliyoufanya mji ukalike, na mhandisi wake mkuu alikuwa Subilaga Mwakalinga, mzaliwa wa Busokelo, kwenye milima ya kusini.

Siku hiyo alikuwa na mgeni. Mdogo wake Tusekile alikuwa amefika jana yake na mtoto wake wa kiume, Ambakisye, na sasa wote watatu walikuwa kwenye roshani ya mnara wakitazama.

"Linatengenezwa kwa kitu gani, dada?" Tusekile aliuliza.

"Kwa madini joto. Yale yale ya kwenye chumvi," alisema Subilaga. Alipenda kueleza kazi yake. "Tunayapasha moto yanakuwa mvuke. Jua linauvunja ule mvuke, vipande vyake vinashikana na hewa ya ozoni, na mwisho inapatikana tindikali. Molekuli za tindikali hiyo zinapenda kushikana. Mbili, tatu, kumi, mpaka inakuwa chembe. Huwezi kuiona hata kwa darubini ya kawaida. Lakini unyevu wa bahari unahitaji kitu cha kukalia, na unaikalia hiyo chembe. Inakuwa tone. Matone mengi ndiyo wingu."

"Kwa hiyo yamekuja huku."

"Nini kimekuja huku?"

Tusekile alikuwa amejifunga mtandio shingoni tangu alipofika, hata ndani ya nyumba. Akaufungua. Chini ya koo kulikuwa na rovu, limevimba kama limao kubwa.

"Chumvi yetu haina tena madini hayo," alisema. "Inakuja chumvi tupu. Wanawake wengi wa kwetu wana hili. Nilifikiri unajua."

Subilaga alimtazama Ambakisye, aliyekuwa ameketi sakafuni akiegemea ukuta. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Hajatembea. Ukimwita hageuki. Tangu jana Subilaga alikuwa akijiambia kwamba ni uchovu wa safari.

Mchana huo aliwapeleka hospitali kwa Daktari Mwanahija, rafiki yake wa siku nyingi. Daktari alimpima mtoto kwa muda mrefu, akamwekea masikioni kifaa cha kupima usikivu, akakiondoa, akakiweka tena. Hatimaye akakaa.

"Mama akikosa madini joto wakati wa ujauzito, ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa," alisema taratibu. "Nitampa matone. Mwili utapata nguvu kidogo. Lakini kile alichokikosa tumboni hatutaweza kukirudisha. Nisamehe, mama."

"Ya huyu nilishaelewa," alisema Tusekile. "Sikuja kwa ajili ya huyu."

Akaweka mkono tumboni. Miezi mitatu, alisema. Na si yeye peke yake. Kijijini wako wengine, na ndio waliomchangia nauli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na dada pwani.

Daktari alifungua kabati akampa vidonge vya kumtosha mpaka ajifungue. Tusekile alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akauliza, "Na wenzangu?"

Daktari alimtazama Subilaga. Kabati lilikuwa limebaki karibu tupu.

Kweli yenyewe haikuhitaji uchunguzi. Zamani minara ilitumia mwani uliolimwa pwani yote, kwani mwani hukusanya madini joto kutoka baharini. Bahari ilipozidi kuwa moto, mwani ukawa mweupe, ukaoza. Minara ikakaribia kuzimika. Kisha yakaja mapipa yenye alama ya viwanda vya chumvi, na Subilaga alipouliza, aliambiwa viwanda vimepata njia nyingine. Alikuwa na mji wa kuokoa. Hakuuliza tena.

Alikwenda kwa mkurugenzi wa minara, Hatibu Shemndolwa, akaomba pipa moja. Alimweleza kwamba mnara mmoja hulimaliza pipa kwa asubuhi moja, na kwamba pipa hilo hilo, likichanganywa kwenye chumvi, lingetosha milima yote ya kusini kwa mwaka mzima, maana mwanadamu anahitaji kiasi kidogo mno.

Shemndolwa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mwezi wa nne joto likipungua, nitakupa mawili," alisema. "Sasa hivi ghalani hakuna ziada. Ukichukua moja, kuna mtaa mmoja utakaa juani siku nzima. Unajua maana yake kuliko mimi."

"Mtoto aliye tumboni hangoji mwezi wa nne, Mkurugenzi."

"Wala mgonjwa wa Makorora hangoji. Niambie wewe, mhandisi. Nimwambie nani afe?"

Subilaga aliinuka, akatoka. Nyumbani Tusekile alimpikia ndizi, akamwekea, na Subilaga akaisukuma sahani kando. Ambakisye alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi, na kila mara Subilaga alipomtazama aliuona mlima mzima wa watoto wa namna hiyo, wasioitika.

Kesho yake kulipopambazuka alimkuta Kombo ghalani. Kombo ndiye fundi wa mnara wa Makorora, Mdigo mpole aliyefanya naye kazi tangu mnara ulipojengwa, na yeye mwenyewe aliishi mtaa huo huo na mkewe Mwanatumu, mgonjwa wa moyo. Subilaga alimweleza kila kitu. Hakumficha hata neno la Shemndolwa.

Kombo alijipangusa mikono iliyokuwa tayari safi.

"Unataka lipi?" aliuliza mwishowe.

"La mnara wowote. Chagua wewe, mimi siwezi."

"Siwezi kumchagulia mwenzangu jua. Chukua la kwangu." Alianza kulivingirisha pipa kuelekea mlangoni. "Nipe nafasi tu niwatangazie watu kwa kipaza sauti, waende kwenye vyumba baridi vya shule. Wanaoweza kutembea watatembea. Wengine tutawabeba."

"Mwanatumu umtoe kwanza."

"Nitamtoa."

Walilipakia kwenye gari lijiendeshalo, Tusekile akaingia na mtoto, na gari likashika njia ya bara. Subilaga aliketi akiangalia nyuma. Angani juu ya Tanga mawingu matatu yalipanda moja baada ya jingine. Mahali pa wingu la nne palikuwa buluu, safi kabisa.

Walipopita Morogoro redio ilikuwa imeanza kutaja watu waliozidiwa. Walipoanza kupanda milima ya Iringa ilitaja waliokufa, na idadi ikawa inaongezeka kila taarifa. Vyumba baridi vilijaa. Wazee walikuwa wamekataa kuacha nyumba zao, wakiamini wingu limechelewa tu. Tusekile alinyoosha mkono kuizima. Subilaga akamzuia.

"Acha. Lazima nisikie."

Simu iliita wakiwa Makambako. Ilikuwa ni Kombo. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mhandisi, mmefika wapi?"

"Makambako. Kombo, Mwanatumu yuko wapi?"

Kwa mbali zilisikika sauti za watu wakiita majina.

"Tulibeba wengi," Kombo alisema. "Nilisema nimalizie wa jirani kwanza, yule bibi asiyetembea. Niliporudi, nilimkuta mlangoni, hapumui. Alikuwa amevaa viatu."

Subilaga alifumba macho. Alitaka kusema atageuza gari, atarudi, atajipeleka mwenyewe polisi, atasimama mbele ya kila nyumba ya Makorora.

"Nisikilize," alisema Kombo. "Mkurugenzi ametuma watu njiani wawarudishe. Wakikukuta hapo wataliweka pipa kwenye mnara, na kesho asubuhi litakuwa limekwisha. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi usisimame."

Simu ikakatika. Tusekile, aliyesikia yote, alikuwa analia bila sauti, mtandio umeanguka magotini. Subilaga aliinama, akazima mfumo wa gari wa kujiendesha, akashika usukani kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza mwendo kuelekea Busokelo.