Chupa ya Kituo cha Tano

Wimbi lililozima injini ndilo lililozoa dumu la maji ya kunywa, simu na kipimo cha chumvi. Likaacha kasia moja na sanduku la sampuli tu, limefungwa kamba chini ya kiti.

Ndani mlikuwa na chupa za maji ya mto. Mtafiti na shemeji yake, mwenye boti, walizijaza kituo baada ya kituo kutoka mdomoni mwa mto kwenda juu. Maabara ya ng'ambo ya ghuba, walikokuwa wakizivusha, ingepima bahari imeingia mtoni umbali gani.

Kesho yake dhoruba ilikwisha, jua likashika zamu. Injini ilikuwa imempasua shemeji kiganja. Sasa mkono umevimba, midomo imechanika, homa imempanda.

"Shemeji, fungua hizo chupa," mgonjwa alimwambia mtafiti.

"Hazifunguliwi njiani. Muhuri ukivunjika, maabara inamwaga."

"Basi nikifa nibandike kibandiko, unitie humo humo."

Mtafiti hakucheka. Alitazama ule mkono. Dada yake alikuwa na watoto wawili na mume mmoja. Akafungua sanduku.

Chupa za mdomoni aliziruka. Hizo ni bahari tupu. Akachukua ya kituo cha tano, pampu ya mji inapovuta maji. Wakazi walikuwa wakilalamika kuhusu ladha. Mamlaka ya maji ikawajibu ni kutu ya mabomba. Vipimo vya mwisho vya mtafiti mwenyewe, vya msimu uliopita, vilisema maji ni matamu. Akavunja muhuri.

Shemeji akapiga funda, akatema.

"Umenipa bahari!"

"Hiyo ni homa."

"Onja mwenyewe, msomi."

Akaonja. Chumvi. Akasoma kibandiko, mwandiko ulikuwa wake. Ya sita nayo chumvi, japo hafifu. Ya saba, ya juu kabisa, ndiyo iliyokuwa tamu. Alimwinua kichwa akamnywesha kifuniko kwa kifuniko, chupa kaishikilia mwenyewe asije akaigugumia. Yeye akalowesha ulimi.

"Nchi kavu iko wapi?"

"Tafuta maji ya kahawia," shemeji alisema. "Tope la mto. Hapo pwani si mbali."

Aliliona alasiri, mstari mwembamba kama wa chai iliyomwagika. Akapiga kasia lile moja lililobaki, kulia, kushoto, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Boti ya doria iliwakuta ukingoni mwa tope.

Askari akampa maji. Mtafiti alimnywesha shemeji kwanza, kisha akasema: "Ita mamlaka ya maji kwa redio. Wazime pampu, bahari imeshaifikia."

"Mama, kunywa kwanza. Na vipimo viko wapi?"

Mtafiti akainua chupa ya kituo cha tano, imepungua kidogo, muhuri umechanika. Zamani angeikataa yeye mwenyewe.

"Hiki hapa. Kilichopungua alikitema huyu."

"Andika hivyo hivyo," shemeji alisema, macho kafumba. "Niliitema."

Askari akashika redio.