Sanduku la Kimeta

Simu ya maandishi ilimkuta Onesphory Mbena posta ya Kilosa, saa mbili asubuhi.

MJOMBA ANARUKA MIKUMI SAA SITA. MZIGO USIPANDE.

Aliisoma mara moja, akaichoma kwa kiberiti, akawasha Land Rover.

Mjomba alikuwa jasusi ambaye Idara ya Usalama ilimsaka miezi minne bila kuijua sura yake. Mzigo ulikuwa filamu: picha za kambi ya wapigania uhuru kutoka kusini, mabweni yake, kisima chake. Zikiwafikia Makaburu, ndege zao za mabomu hazitauliza njia.

Onesphory aliwahi kulala kambini humo wiki mbili. Alikumbuka nepi zilizoanikwa kwenye kamba.

Saa tano na nusu alifika Mikumi, mwekundu kwa vumbi.

Uwanja wa ndege ulikuwa uwanja kwa jina tu. Ukanda wa nyasi katikati ya mbuga, kibanda cha mabati, mapipa mawili ya mafuta. Choo kilikuwa shimo lililozungushiwa magunia. Karani, Elizabeti, alipima abiria na mizigo kwa mizani ya pamba. Mzee Filipo alikuwa na kazi ya kufukuza wanyama kila ndege ilipotaka kutua au kuruka.

Onesphory alimwamkia mzee shikamoo. Mzee akaitika marahaba, akalalamika kwamba nyumbu wa leo wana kiburi.

Ndege ndogo, Cessna, ilikuwa imeshatua. Abiria alikuwa mmoja tu, Daktari Hartwig, Mzungu mtaalamu wa magonjwa ya wanyama. Kando yake alisimama Urbanus.

Onesphory alishusha pumzi. Urbanus alikuwa ofisa mwenzake wa Idara. Walijifunza kulenga shabaha pamoja.

Urbanus alimvuta pembeni. Alisema amekuja kwa amri ileile, amempekua daktari na hakukuta kitu. Lile sanduku la bati lilikuwa na matumbo ya nyumbu waliokufa kwa kimeta, yanapelekwa maabara Nairobi.

"Usiliguse," alisema. "Kimeta hakina mchezo, kinaua hata watu."

Harufu ilikuwa imeshawafikia. Nzi wa kijani walilifunika sanduku kama shuka. Elizabeti alijiziba pua kwa kanga.

Daktari Hartwig alikaza kamba ya sanduku kwa mikono mitupu. Maji ya uozo yalimchuruzika vidoleni. Akavifuta kwenye suruali, akatoa yai la kuchemsha mfukoni, akalimenya, akala. Kisha akaramba chumvi kwenye kidole gumba.

Anayekijua kimeta harambi kidole hicho.

Na Urbanus alimtazama akila, wala hakushtuka.

Onesphory alitembea taratibu hadi kwa mzee Filipo. Alimwomba awaswage nyumbu waingie uwanjani, wote. Mzee alimtazama usoni. Akaokota kipande chake cha reli na nyundo ya kukigongea, akazunguka nyuma ya kundi.

Rubani akawasha injini.

Onesphory alimwambia Elizabeti aingie kibandani. Akakata kamba kwa kisu, akapiga kifuniko teke, akazamisha mkono hadi kiwiko.

Matumbo yalikuwa na uvuguvugu. Yaliteleza. Kitu kilipasuka kati ya vidole vyake. Alibana meno, akapapasa chini zaidi.

Plastiki. Ndani yake, kikopo kigumu.

"Toa mkono pole pole," alisema Urbanus. Bastola yake, Browning, ilikuwa imeshatoka.

Onesphory aliutoa haraka. Konzi ya uozo ilimpiga Urbanus machoni. Risasi ikatoboa bati la kibanda. Ngumi ya kwanza ilimvunja pua, ya pili ikamlaza. Browning ikabadili mkono.

Hartwig alikuwa ameshajitupa ndani ya ndege, akimhimiza rubani aruke. Cessna ilichomoka.

Nyuma ya kundi, reli ililia.

Nyumbu mia mbili walikata uwanja kwa mbio. Rubani alikanyaga breki, akazima injini, akainua mikono. Yeye alikuwa wa kukodiwa tu. Hartwig alitoka nyuma yake, mweupe kama unga.

Onesphory alifungua redio ya Land Rover.

"Korongo kwa Tai. Mzigo umebaki. Mjomba ni daktari wa nyumbu."

"Nani alimpa picha?"

"Urbanus."

"Polisi wako njiani," ikasema redio.

Hartwig na Urbanus walifungwa kwenye nguzo ya mizani. Onesphory alimuuliza Urbanus sababu. Akajibu kwamba mwanawe ameahidiwa shule Ulaya. Onesphory akamuuliza kama aliwaona watoto wa kambini alipokuwa akipiga picha.

"Niliwaona," alisema Urbanus. "Mle hamna ndugu yako wala yangu, Onesphory. Ni wageni tu."

Mkono mzima ndani ya uozo haukumtapisha. Maneno hayo yalimtapisha. Alikwenda nyuma ya kibanda, akashika bati, akatapika mpaka nyongo.

Elizabeti alimletea maji na kipande cha sabuni, akammiminia mkononi.

Sajini Beda wa polisi aliposhushwa na lori pamoja na askari wawili, Onesphory alimkabidhi filamu, bastola na funguo za Land Rover. Alimwelekeza awabebe mahabusu humo mpaka Kilosa. Sajini alisema mbele kuna nafasi yake.

"Sikai na Urbanus gari moja, Sajini."

"Kutoka hapa mpaka barabara kuu ni maili nne, afande. Na simba wapo."

"Najua."

Alikunja mkono wa shati lililochafuka, akaanza kutembea.