Mti wa Kulengea

Alasiri ile, uani kwa Mwalimu Nathanaeli Shelukindo, Magamba, walikuwepo watu wanne. Nathanaeli mwenyewe. Mkewe, Evelina binti Stephano Kaniki. Baba yake, Mzee Abrahamu Shelukindo. Na jirani yao Hamza Shemdoe, mkulima wa kabichi. Palinuka manyoya yaliyoungua, ingawa jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Nathanaeli alikuwa akiweka sawa darubini yake ili jioni wanafunzi waitazame sayari ya Zohali. Juu ya bomba lake kuna darubini ndogo ya kulengea, yenye nyuzi mbili zilizokatana. Kazi hii hufanywa mchana: unaelekeza bomba kwenye kitu cha mbali kisichosogea, kisha unakaza skrubu za ile ndogo mpaka nyuzi zikatane juu ya kitu hicho hicho. Nathanaeli alichagua mti mkavu katika msitu wa matambiko.

Msitu ule watu wa pale hawauonyeshi kwa kidole. Huuonyesha kwa ngumi. Mzee Abrahamu alimkumbusha. Nathanaeli alijibu kwamba kioo si kidole, na Hamza akatania kuwa jini akija ataulizwa kama amesoma fizikia.

"Kuna mtu pale," Nathanaeli alisema.

Evelina akachungulia. Katika darubini ile kila kitu huonekana kimepinduliwa, na mti ulining'inia matawi chini. Mtu yule alionekana amesimama wima.

"Baba Yunis, toka hapo," alimnong'oneza mumewe.

Nathanaeli alikuwa ameshainamia ile ndogo, akikaza skrubu ya mwisho. Nyuzi zilipokaa juu ya mti, kitu kilimshika kisogo kikambamiza uso kwenye chuma, kikamwinua, kikambamiza tena, na Hamza alipomvuta kiunoni huku akisoma Ayatul Kursi yeye pia alipigwa, mkono wake ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, na ile harufu ya manyoya ikazidi hadi wakashindwa kuvuta pumzi, na damu ikatiririka juu ya bomba jeupe, na nyuma ya Nathanaeli hapakuwa na mtu.

"Legeza skrubu," Mzee Abrahamu alimwambia Evelina kwa sauti ya chini. "Mmekifunga humo. Kifungue."

"Kikitoka kitakwenda wapi, baba?"

Nathanaeli alikuwa ameacha kupiga kelele. Evelina akalegeza.

Nathanaeli akaanguka chini, akihema. Bomba likageuka polepole, pasipo kuguswa, likamwelekea Evelina usoni, likatulia.

Nathanaeli amepona, ila jicho la kulia halioni. Evelina alifariki Alhamisi iliyofuata.