Waraka Ambao Wizara Haikuuandika

Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi katika wiki, tarehe 13 Septemba 2003, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mahbuba aliweka simu chini akabaki ameishika meza. Karani wa wizara alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, kwamba Waraka Nambari 41 haupo na haujapata kuwapo.

Nao ulikuwa mbele yake, kwenye ofisi ya misaada ya wanafunzi ya chuo kimoja pale Wattaya, Uarabuni, una nembo na muhuri, na tarehe kwa Kiarabu: "Al-Arbi'aa, 9 Septemba." Ulisema mwanafunzi ambaye wazazi wake wameachana atahesabiwa mshahara wa baba. Kwa maneno hayo wanafunzi kumi na mmoja walinyimwa msaada. Mmoja wao, Rawan, alikuwa amekaa nje ya mlango na mama yake. Orodha ilitakiwa wizarani saa nane mchana, na baada ya hapo Rawan hana tena chuo.

Kila mwaka wizara hubadilisha masharti, na kila mwaka mkuu wa ofisi, Bwana Amur, ndiye huwaeleza wenzake yaliyobadilika. Sasa nani aliyeghushi?

Mahbuba alianza na Lukas, tarishi kutoka Bukoba, maana barua zote hupita mikononi mwake.

"Septemba sijaleta bahasha yoyote ya wizara, dada," Lukas alisema, akafungua daftari lake. "Ya mwisho ni hii, Juni 14. Mkuu mwenyewe alisaini."

Mahbuba hakuwahi kuiona hiyo ya Juni.

Alibaki Yaqdhan, mpiga chapa wa Kiarabu, kijana wa maringo aliyenuna tangu anyimwe cheo. Kusema kweli, Mahbuba alikwisha kumhukumu kabla ya kumuuliza.

"Umeuchapa wewe?"

Yaqdhan aliusoma, akacheka. "Mie nimesoma skuli hapa hapa tangu darasa la kwanza, bibie. Tarehe tisa ilikuwa Jumanne. Huyu kaandika Jumatano."

Mahbuba aliitazama kalenda. Kweli. Al-Arbi'aa ni Jumatano, lakini ndani yake mna arba'a, yaani nne, na anayehesabu siku kwa Kiswahili nne yake iko kwenye Jumanne. Bibi yake alikosea hivyo hivyo mpaka anakufa. Aliyesoma Kiarabu utotoni hakosei, na Lukas hata herufi zake hazijui. Hukosea waliokuja watu wazima kutoka Unguja, na ofisini mle alikuwamo mmoja tu.

Bwana Amur ndiye aliyemfundisha kazi.

Saa tano na nusu aliingia chumbani kwa mkuu, akafunga mlango.

"Ami, waraka wa Juni uko wapi?"

Mzee alivuta droo. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Mahbuba aliichana, akasoma, akapigwa na butwaa: uhesabiwe mshahara wa mama peke yake, na fomu mpya zifike kabla ya Agosti kwisha.

"Wote kumi na mmoja wangepata!"

"Nilikuja kujua Septemba, mwenzangu wa chuo kingine aliponiuliza kama fomu zetu za watoto wa walioachana zimefika. Muda ushapita. Nikaona bora wakose kwa sheria kuliko kwa uzembe wangu. Nikauunga huu kwa nyaraka za zamani na kamusi."

"Na kwa nini hukuifungua?"

"Nikiifungua nifanye nini nayo, mwanangu? Kiarabu cha kusema nnacho. Cha kusoma kinanishinda. Marehemu mke wangu, Masouda, ndiye alokuwa akinisomea nyumbani, asubuhi nakuja kukwambieni. Kafariki Aprili."

Mahbuba alitaka kumwonea huruma, akashindwa. Alipiga simu wizarani. Jibu lilikuwa moja: fomu zitapokewa, endapo mkuu atakiri kosa kwa maandishi na kutaja sababu.

"Niandike ulikuwa mgonjwa?" aliuliza, na mwenyewe akashtuka kusikia maneno hayo yakimtoka.

Bwana Amur alitikisa kichwa. "Andika kwamba mkuu wa ofisi hajui kusoma Kiarabu."

Mahbuba aliandika. Mzee alitia saini. Saa saba Rawan na wenzake kumi, walioitwa kwa simu, walikuwa wamemaliza kujaza fomu zao, na Lukas alikuwa akiwasha gari.

Bwana Amur alipotoka na mkoba wake, Rawan aliinuka kwa adabu, akambusu mkono, akamshukuru kwa kumpigania.