Picha Iliyozungushwa

Haya yalimpata rafiki yangu, mtunga programu za kompyuta tuliyemzoea kwa jina la Miwani. Kamera ya chumba anachofanyia kazi, chumba cha chini kisicho na dirisha, ilikuwa imefungwa upande. Alipoomba ngazi apande kuirekebisha, bosi akamwambia, "Ngazi ya nini? Inyooshe picha hukohuko kwenye kompyuta."

Kazi ndogo tu. Kila alipobonyeza, picha ilizunguka kidogo, na pembe zilizobaki tupu zikajaa weusi. Uvivu ukamponza: badala ya kuanza upya na picha ya awali, akawa anaizungusha ileile iliyokwisha kuzungushwa. Weusi ukazidi kusogea katikati, hadi ukaumeza mlango. Na kila akibonyeza, nyuma ya ukuta kitu kizito kiliburutwa, krrr, kikatulia.

Akageuka. Taa ilikuwa inawaka, lakini pembe za chumba zilikuwa giza totoro, na mlango hauonekani. Akapapasa. Ukuta, ukuta, ukuta mtupu. Akampigia simu dada wa mapokezi.

"Dada, njoo unifungulie, nakufa!"

Dada akashuka, simu ingali sikioni. "Kaka, acha utani. Mlango uko wazi, nimesimama hapa, na wewe umenipa mgongo."

Krrr. Safari hii hakuwa amebonyeza kitu.

Dada alimvuta shati, akamtoa mzobemzobe.

Juzi Miwani alinitembelea, mke wangu akampa maji. Aliishika glasi wima kabisa. Maji ndani yake yalilala upande, wala hayakumwagika.